Baiskeli Baada ya Homa

Nchi ya Shinyanga ni tambarare kiasi cha kumhadaa mgeni. Mtu wa pwani aliyezoea vichochoro vya mji na miinuko ya mashamba ya karafuu, akiiona barabara inavyonyooka kutoka Shinyanga mjini kwenda Tinde, hudhani mahali hapa pameumbwa kwa ajili ya baiskeli. Na kweli zimejaa. Zipo zilizopakiwa magunia ya mkaa hata mzigo ukampita mwendeshaji kwa kimo. Zipo zilizofungwa madumu ya maji ya lita 20, mawili kulia na mawili kushoto. Zipo zinazobeba mbuzi, mabati, na siku ya msiba jeneza. Mjini Shinyanga na Kahama zikawapo pia za abiria, zenye kimto juu ya keria, ambazo wenyeji waliziita daladala kwa jina lile lile la mabasi madogo ya Dar es Salaam, kana kwamba miguu miwili ya kijana ni sawa na injini ya dizeli.

Lakini mwenye kukanyaga pedali anajua jambo ambalo mgeni halioni. Penye kilima pana mteremko, na katika mteremko miguu hupumzika bila kuomba ruhusa. Tambarare haina ukarimu huo. Kila hatua ya barabara yataka mkanyago wake, na siku za kiangazi upepo humpiga mtu kifuani kutwa nzima, wala hapati mahali pa kujificha ila nyuma ya mgongo wa mwenziwe.

Baiskeli iliingia kwa wingi Usukumani kwa fedha za pamba. Katika miaka ya 1950, vyama vya ushirika vilipokuwa vikijengwa na akina Paul Bomani, mkulima aliyeuza vizuri aliezeka bati, akaongeza ng'ombe zizini, akanunua baiskeli. Baadaye ikaja dhahabu kwa kishindo. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, karibu na Kakola, mwaka 2001. Na pembezoni mwa migodi ya kampuni wakawapo wachimbaji wadogo kwa maelfu, pamoja na maduara yao, makarasha yao ya kusagia mawe na mialo yao ya kuchenjulia. Maji ya mwaloni aghalabu hufika kwa baiskeli. Mawe ya kutoka duarani kwenda karashani, pale ambapo pikipiki haijaichukua kazi hiyo, huenda kwa baiskeli. Pikipiki zilipomiminika kuanzia miaka ya mwisho ya 2000, daladala za miguu zilipungua sana, ila mzigo wa mtu asiye na fedha ya petroli haujapata mchukuzi mwingine.

Katika kazi hii hii walizaliwa wanamichezo. Mashindano ya baiskeli yaliyokuwa yakifanyika Mwanza karibu na mwaka 2010 yalikuwa na mbio za wanaume zilizokaribia kilomita 200, na mbio za wanawake, na za watu wenye ulemavu. Wasukuma ni watu wa kushindana kwa furaha. Bagika na Bagalu, vyama vyao viwili vya ngoma vilivyoanza katika karne ya 19, vingali vikitambiana uwanjani hadi leo, kila kimoja na nyimbo zake na dawa zake, na anayezitazama mbio za baiskeli za kanda ya Ziwa anaona ngoma ile ile imehamia barabarani. Wengi wa waendeshaji hao hawana kocha wala saa ya kupimia mapigo ya moyo. Mazoezi yao ni kazi yao. Hapo ndipo habari ya homa inapokuwa nzito, maana mwendeshaji wa Ulaya akiugua hupumzika mazoezi, ilhali huyu wa Kahama akipumzika mazoezi anapumzika na chakula.

Msomaji na amchukue kijana mmoja wa Kahama, wa miaka ishirini na kitu, asiye na jina kwa kuwa wapo wengi. Asubuhi moja anaamka maungo yote yamevunjika, macho hayataki mwanga, mwili unawaka. Anakwenda zahanati. Wanamtoboa kidole, na kile kipimo cha haraka kinaonyesha mstari mmoja tu, yaani hana vijidudu vya malaria. Yeye hakubali. Homa kali kama hii itakuwa nini tena? Anatoka hapo, anapita duka la dawa, ananunua dawa ya mseto iliyoanza kutumika Bara mwishoni mwa 2006: vidonge 24, vinne vinne, mara sita kwa siku tatu. Siku ya nne homa imeshuka. Ingeshuka hata kwa uji na maji ya kunywa, kwa sababu ilikuwa homa ya virusi na siku zake zilikwisha. Lakini aliyepata sifa ni mseto. Kwa hesabu ya kila mtu nyumbani, kijana amepona.

Siku ya tano anapakia. Mwendo wa kilomita tano za kwanza ni wa mazoea na haudai kitu. Baada ya hapo miguu inakuwa ya mtu mwingine. Moyo unadunda mpaka shingoni, jasho jembamba la baridi linatoka, na mzigo uliokuwa wa kawaida wiki iliyopita unamvuta nyuma kama mtu aliyeshikilia keria. Anashuka, anakokota. Kukokota baiskeli mlimani hakuna aibu, kila mtu hukokota. Kukokota tambarare, mchana, mbele ya wenzako wanaokupita, ni jambo jingine. Mmoja anamtania, "Vipi kaka, umeshazeeka?" Mama muuza viazi aliyemzoea anamwamkia, "Mwangaluka," kisha anamtazama mara mbili, asiulize kitu.

Ameambiwa kwamba amepona, na yeye mwenyewe amesema amepona. Basi kilichobaki mwilini kinaitwaje?

Kiswahili hakikosi majina ya homa. Kuna homa ya manjano, homa ya matumbo, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo, homa ya vipindi, homa ya bonde la ufa. Hata hivyo katika matumizi ya kila siku majina hayo yote yamemezwa na moja. Mtu wa Geita haugui homa, anaugua malaria. Na malaria imekuwa neno la kumaanisha mwili kuchemka, liwe limesababishwa na nini. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa Moshi kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Waliokutwa nayo kweli, baada ya vipimo vya maabara, walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria damuni, wengine maradhi ya kuambukizwa na mifugo, na 55 walikuwa na chikungunya. Na miongoni mwa hao 55 hakuna hata mmoja ambaye alipolazwa ugonjwa huo ulitajwa katika yale yaliyodhaniwa. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti mwingine, wa watoto 1,005 wa Dar es Salaam na Ifakara waliokuwa na homa: saba katika kila kumi walikuwa na maradhi ya virusi.

Haki ya Geita nayo itendeke. Moshi si Geita. Mkoa huu, kwa mashimo yake ya migodi ya zamani yanayotuama maji, ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na msomaji wa Unguja, ambaye kwake malaria ilishuka miaka mingi iliyopita hata chini ya mtu mmoja kwa kila mia, asije akamcheka mwenzake wa Bara kwa kuitaja kila siku. Huko malaria inaua kweli. Ubaya ni kwamba jina lenye nguvu namna hiyo huyafunika yaliyo jirani nalo.

Na ajabu ni kwamba majirani hao wana majina yaliyotoka kwetu, yakazunguka dunia, yakasahauliwa nyumbani. Chikungunya ni neno la Kimakonde, la uwanda wa juu wa Newala, ambako ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953. Maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Mtafsiri yeyote angeona fahari kupata neno kama hilo: viungo vinauma hata mgonjwa hawezi kunyooka, anatembea ameinama kama mwendesha baiskeli aliyenyang'anywa baiskeli yake. Zika ni jina la msitu ulio karibu na Entebbe, ambako virusi hivyo vilipatikana kwa nyani mmoja mwaka 1947. Homa ya Nile Magharibi ilitoka kwa mwanamke mmoja wa wilaya ya jina hilo, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1937. Mwaka 1959, huko huko kaskazini mwa Uganda, ulizuka ugonjwa ambao Waacholi waliuita o'nyong'nyong kwa jinsi unavyovunja viungo. Ukashuka na kulizunguka Ziwa, ukaenea Kenya na Tanganyika, na kufikia 1962 ulikuwa umewapata watu wapatao milioni mbili. Huu una hila yake. Chikungunya na dengue huletwa na mbu wa mchana, anayezaliana katika vyombo vya maji na matairi yaliyotupwa, wakiwamo wa nyuma ya banda la fundi baiskeli, na chandarua cha usiku hakimzuii. Lakini o'nyong'nyong huletwa na mbu yule yule wa malaria. Mbu mmoja, homa mbili, na jina lililobaki midomoni ni moja.

Visiwani nako kuna hadithi yake. Daktari James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja, alishuhudia mwaka 1870 homa ya maungo iliyoangusha watu nyumba kwa nyumba, na mwaka 1872 akaiandika kwa jina alilolisikia kwa wenyeji: kidinga pepo. Wazee walimwambia kwamba iliwahi kufika zamani, karibu na mwaka 1823. Wataalamu waliosoma maelezo yake baadaye, dalili kwa dalili, wengine wamesema kwamba ile ilikuwa chikungunya. Neno lenyewe likaendelea na safari yake. Katika Kiswahili likawa kidingapopo, pepo akageuka popo bila mtu kujua lini. Na wapo wanaosema kwamba ndilo lililovuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likakutana na neno la Kihispania, dengue, lenye maana ya madeko. Iwe kweli au isiwe, maana hiyo ya Kihispania ina ukatili wake. Mgonjwa anayetembea kwa kuvihadhari viungo vyake alionekana anadeka. Kijana wa Kahama anayekokota baiskeli tambarare angelielewa neno hilo bila kamusi.

Kwa nini basi mwili usirudi siku homa inaposhuka? Sehemu ya jibu ni kulala kwenyewe. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano walilazwa kitandani wiki tatu bila ugonjwa wowote, na uwezo wa miili yao kutumia hewa ukapungua kwa zaidi ya robo. Damu hupungua maji, moyo husukuma kidogo kwa kila pigo, misuli husahau. Homa huongeza deni juu ya deni: kila nyuzi moja ya joto huuongezea moyo kama mapigo kumi kwa dakika, usiku na mchana, hivi kwamba aliyelala siku nne na homa hakupumzika hata saa moja. Chikungunya huweza kubaki katika viungo kwa miezi, na kwa wengine miaka. Sehemu ya pili ya jibu ni ya kutisha zaidi. Virusi vya aina kadhaa huweza kuingia katika msuli wa moyo wenyewe. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani waliwaambukiza panya virusi vya namna hiyo, kisha wakawalazimisha baadhi yao waogelee. Walioogelea walikufa wengi zaidi kuliko walioachwa watulie, na mioyo yao iliharibika zaidi. Binadamu si panya, na wengi mno hupanda baiskeli wakiwa na homa wasidhurike. Lakini madaktari wa wanamichezo hawachezi na jambo hilo. Aliyethibitika kuwa moyo wake umepata uvimbe wa virusi wamekuwa wakimzuia kushindana kwa miezi mitatu hadi sita.

Miezi mitatu hadi sita! Mtu aweza kuisema hiyo kwa sauti katika kijiwe cha waendeshaji wa Kahama, asikilizwe kwa adabu, kisha watu wapande baiskeli zao.

Waingereza walikuwa na bingwa wa kumalizia mbio, Mark Cavendish, ambaye mwaka 2017 aligundulika kuwa na virusi vya Epstein-Barr, vyenye sifa ya kumwacha mtu mchovu kwa muda mrefu. Alirudi mapema, virusi vikamrudia mwaka 2018, na kwa misimu miwili mitatu watu walimwona kuwa amekwisha. Mwaka 2021 akashinda hatua nne katika mbio za Tour de France, na mwaka 2024 akashinda ya 35, idadi ambayo hakuna aliyepata kuifikia kabla yake. Ni hadithi nzuri, nayo hupendwa kusimuliwa kama habari ya ushujaa. Ushujaa ulikuwapo. Lakini kilichokuwapo kwanza ni karatasi ya maabara yenye jina la ugonjwa. Alipokuwa akishindwa kupanda milima, aliweza kuonyesha sababu. Timu ilimlipa mshahara, waandishi wakaandika jina la virusi.

Upande wa pili wa sarafu ni Fausto Coppi, Mwitalia, bingwa aliyependwa kuliko wote katika enzi yake. Desemba 1959 alikwenda Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso, kwa mbio za kirafiki na uwindaji. Aliporudi nyumbani akashikwa na homa. Madaktari wake wakaitibu kama mafua makali. Mwenzake wa safari hiyo, Mfaransa Raphaël Géminiani, naye aliugua, damu yake ikapimwa, ikaonekana malaria, akapewa kwinini, akaishi. Coppi alikufa tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40. Italia walikuwa na jina lao lililomeza mengine, kama vile Geita walivyo na lao. La kwao lilikuwa la virusi, na ugonjwa ulikuwa ndio malaria yenyewe.

Jina la ugonjwa, basi, hufanya kazi mbili. La kwanza ni kuonyesha dawa, na hiyo inajulikana. La pili husemwa kwa nadra: jina humpa mgonjwa ruhusa. Malaria ina ruhusa ya siku tatu, urefu wa dozi, na kila mtu Kahama anaiheshimu. Mwenye baiskeli ya kukodi atamsamehe kijana hesabu ya siku tatu, mama atamletea uji kwa siku tatu. Homa isiyo na jina haina ruhusa hata ya nusu siku. Na uchovu unaobaki baada yake, kwa kuwa nao hauna jina, huitwa kwa majina ya tabia: uvivu, kudeka, ulevi wa jana. Nchi nzima iliwahi kuionja hali hiyo. Takwimu za Korona zilikoma kutangazwa mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa zimefika wagonjwa 509, na mwanzoni mwa 2021, katika matangazo ya misiba, likatamalaki neno changamoto ya upumuaji. Wapo waliopona wakabaki na pumzi fupi kwa miezi. Walimwambia nani, na kwa neno gani? Kufikia Julai mwaka huo chanjo ilianza kutolewa na jina likarudi hadharani, lakini mtu aliyerudi kazini mwezi Februari alikuwa amekwisha kurudi.

Tena ugonjwa haukai bila jina kwa muda mrefu. Ukikosa moja hutafutiwa jingine. Mwanamichezo mwenye nguvu, aliyeishiwa nguvu ghafla wiki chache kabla ya mbio, katika nchi ambayo hata wacheza ngoma huenda uwanjani na dawa za kuwadhoofisha wapinzani, hakosi mtu wa kumnong'oneza kwamba ametupiwa kitu. Jina hilo lina ruhusa kubwa kuliko ya malaria: mtu atapumzika wiki, atachangiwa, ataletewa mganga. Na lina bei. Shinyanga na Mwanza ni mikoa ambayo kwa miongo mingi vikongwe, wanawake wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya ugonjwa au kifo cha jirani ambacho hakuna aliyekitaja kwa jina lake. Hakuna haja ya kulirefusha hili. Inatosha kusema kwamba mstari mmoja katika kipimo cha zahanati, ukikosa mtu wa kueleza kwamba pengine ni virusi na kwamba uchovu utakaa wiki kadhaa, huacha nafasi tupu, na nafasi hiyo hujazwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Wasukuma wanayo elimu ya mapumziko, tena yenye jina. Wanaiita ngitili. Mvua zinapoanza, kipande cha malisho hufungwa. Ng'ombe hawaingii, mbuzi hawaingii, mpaka kiangazi kinapokaza na majani ya kwingine yamekwisha. Katika karne iliyopita miti ilifyekwa kwa vita dhidi ya mbung'o na baadaye kwa mashamba ya pamba, mifugo ikazidi, na Shinyanga ikafikia hali ya kuitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986 ulijaribu miche na vitalu, lakini kilichoirudisha miti kwa wingi ni kuwarudishia watu ngitili zao. Mwaka ule wa kuanza zilihesabiwa hekta mia sita na kitu. Kufikia mwanzo wa karne hii zilikuwa zimepita hekta laki tatu. Katika ngitili hakuna anayepanda kitu. Watu wanaizuilia ardhi miguu, basi. Mizizi iliyokuwa hai chini ya udongo, ambayo mpita njia angeapa kwamba imekufa, huchipua yenyewe. Mzee ambaye angemchapa mchunga aliyeingiza ndama katika ngitili kabla ya wakati ni yule yule anayemuuliza mwanawe siku ya tano kwa nini baiskeli ingali ukutani.

Si kwamba mzee huyo hana huruma. Ngitili ina sheria za kijiji, ina faini, ina majirani wanaokubaliana nani ataingia lini. Mwili wa kijana hauna baraza. Maarifa ya kurudi polepole si ya siri wala si ya gharama, na hayahitaji mashine: kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja kabla ya kuinuka kitandani, na kama zamani yalikuwa 55 na leo ni 70, siku hiyo si ya mzigo; kuanza na baiskeli tupu, kwa mwendo ambao mtu aweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika; kuongeza umbali kabla ya kuongeza uzito, na uzito kabla ya kasi; na kifua kikiuma, au pumzi ikikatika bila sababu, au kizunguzungu kikimwangusha, kwenda hospitali badala ya duka la dawa. Kinachogharimu ni siku zenyewe. Wiki mbili za baiskeli tupu ni wiki mbili bila hesabu ya jioni. Kijana wa Kahama hawezi kuzilipa peke yake, na ushauri wowote usiotaja nani atakayezilipa ni ushauri wa watu wenye mishahara. Vijiwe vingi huchangiana misiba. Vingine huchangiana harusi. Mchango wa homa ya siku ya tano, ya mtu anayetembea na kucheka na wenzake, ni mgumu zaidi kuuomba, kwa sababu muombaji hana jina la kutaja.

Hata hivyo hutokea. Mwenzake mmoja anaichukua safari ya Isaka, anamwachia za sokoni. Mama muuza viazi anasema magunia yatasubiri hadi Jumatatu. Siku ya kumi na moja kijana anaitoa baiskeli alfajiri, upepo haujaamka, anafunga dumu moja tu kwenye keria, tena halikujaa. Dumu la nusu lina usumbufu wake: maji hucheza ndani, huenda mbele kila anapofunga breki na kurudi nyuma kila anapokanyaga, hata usukani ukayumba zaidi kuliko anapobeba manne yaliyojaa. Anapunguza mwendo mpaka maji yatulie. Mwendo huo, akiushika, anaweza kuongea. Na kwa kuwa hana wa kuongea naye saa hizo, anahesabu miti ya kando ya barabara kwa sauti, kwa Kisukuma, mpaka afike kwenye mkwaju alioukusudia, ageuze.